Nyanya Alikuwa Fundi: Mhadhara Uliotolewa Ukumbini Kisauni, Mombasa

Bwana Yesu asifiwe. Kasisi wetu, wazee wa kanisa, mama zangu, shikamooni. Na majirani zetu wa ng'ambo ya barabara mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja kutusikiliza, asalaam aleikum. Nimepewa nusu saa. Wanaonijua wameshaanza kucheka.

Tulipomzika Nyanya mwaka jana, alisifiwa sana. Kila aliyesimama alisema alikuwa mcha Mungu, akasema alikuwa mama wa familia, akaketi. Ni kweli tupu. Lakini hema likakunjwa bila mtu hata mmoja kutaja kwamba yule mama alikuwa fundi. Alisuka mikeka, alidarizi, alitunga mashairi tangu usichana wake hadi alipoishiwa nguvu, na sifa zote zikaishia kwenye subira yake. Mimi naona tulimpunja. Tuna mazoea ya kuwasifu wanawake wa kanisa kwa uvumilivu, utadhani kazi yao yote ilikuwa kukaa na kungoja.

Nyanya alizaliwa hapa hapa Freretown, miaka michache kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Ninyi vijana mnaoijua Kengeleni kwa kelele za makondakta tu, mjue kengele ilikuwepo kweli, na mkipita bado mnaiona. Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana wa CMS walianzisha hapa makao ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, wakayapa jina la Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa kwa Sultani Barghash wa Zanzibar kudai biashara hiyo ikomeshwe. Kengele iligongwa kuwaita watu sala, na kuwatahadharisha hatari ikija. Waliokaa hapa walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, watu wa huko kusini ambao hawakuwa na hata shangazi mmoja Mombasa nzima. Babu wa baba yake Nyanya alikuwa mmoja wao. Kwa upande wa mama, asili yao ni Rabai, kwa wale watoro waliokimbilia misheni na kupewa hati zao za uhuru Januari 1889, watu zaidi ya 1,400.

Sasa mtu aliyepoteza ndugu zake wote ataishije? Atatafuta wengine. Jirani wa kushoto akawa mjomba, aliyembatiza mtoto akawa babu, na undugu huo ukashikwa kwa dhati kuliko wa damu. Ndiyo maana Nyanya alikuwa na binamu nusu ya Kisauni, na sisi wajukuu tulikatazwa kuuliza huyu ni binamu kwa njia gani. Ukiuliza, unatumwa dukani.

Kuna hadithi moja aliyoipenda, na hii imeandikwa vitabuni. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliuawa Busoga akiwa njiani kwenda Buganda. Katika msafara wake alikuwemo Kasisi William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa India, na kuwekewa mikono na Hannington mwaka huo huo. Jones ndiye aliyewarudisha waliobaki hadi Rabai, mapema 1886, na mbele yao ilitangulia bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Wasomaji wa Samweli wa Kwanza mnalikumbuka jina hilo, maana yake utukufu umeondoka, alipewa mtoto na mama yake aliyekuwa akikata roho.

Nyanya alikuwa akifika hapo kwenye hadithi, ananyamaza, halafu anauliza: "Na zile herufi alizitia nani?" Hakuna aliyemjibu. Padre mmoja alipita nyumbani akaulizwa, akasema labda wapagazi. Nyanya akamwambia, "Baba, herufi haziji zenyewe kwenye kitambaa." Hannington na wenzake wana kanisa kuu la ukumbusho mjini, lile lenye kuba na matao ya kiarabu, lililokamilika 1905. Aliyeshika sindano hata jina hana. Swali hilo la Nyanya limenikaa kichwani kuliko mahubiri mengi niliyosikia, na Kasisi atanisamehe.

Tuje kwenye mikeka. Hapo mezani upo mmoja, usogeleeni baadaye mwuguse. Nyanya alinunua miyaa machanga, majani ya kusukia, akayaanika juani hadi yakawa meupe. Kisha anayachana kwa ukucha wa kidole gumba, ukucha aliokuwa akiuacha mrefu kwa kazi hiyo tu, hadi chane zote zinalingana unene. Nyingine zinabaki nyeupe, nyingine zinaingia sufuriani kwenye rangi. Saa hakuwa nayo, na hata alipopewa hakuiamini. Rangi nyekundu ilichemka kwa Zaburi ya 91 mara tatu, ikisomwa kwa sauti na bila haraka. Ya zambarau ilitaka zaidi. Tulipokuwa watoto ndiyo zamu yetu, kukaa kando ya jiko tukisoma, na ukiruka mstari anakusikia kutoka uani, kwa sababu ukiruka mstari rangi haikolei. Mimi niliihifadhi zaburi hiyo kwa moshi machoni.

Halafu anasuka ukili, ukanda mrefu mwembamba, unaviringishwa kadiri unavyokua. Ukitosha, unashonwa ukingo kwa ukingo hadi unapatikana mkeka. Ugumu uko hapa: ua la mkeka linapangwa wakati wa kusuka ukili, siku nyingi kabla hujaanza kushona. Chane moja ya rangi ikiingia mahali pasipo pake leo, ua litapinda mwezi ujao, pale kanda zitakapokutana. Nyanya alizibeba hesabu zote hizo kichwani, na shule aliiacha darasa la nne. Nimewahi kumwonyesha mwalimu wa hisabati mkeka ule. Alikaa nao sana, akahesabu kwa kalamu, akaniuliza aliyeupanga alisomea wapi.

Mkeka wake mkubwa kuliko yote ulitandazwa kanisani kutoka mlangoni hadi madhabahuni. Siku moja likaja zulia jekundu la dukani na mkeka ukapelekwa stoo, panya wakafanya kazi yao. Sitaji kanisa. Aliumia, lakini Jumapili iliyofuata alikuwa pale pale kwenye kiti chake, miguu ameikunja ili asikanyage zulia. Alifanya hivyo mpaka mwisho. Mkitaka kuniambia huo ndio uvumilivu, sawa, ila mimi nilimjua, na ile ilikuwa hasira.

Kwa maana hakuwa malaika, jamani. Alikuwa na maneno makali, na leso zake zilisema kabla yake. Wifi yake mmoja aliletewa leso kutoka Biashara Street yenye jina, yale maneno yanayochapwa kwenye leso, ambalo siwezi kulitamka mbele ya Kasisi, na wakakaa miaka bila kusemezana, huku wakipika jiko moja kila Krismasi. Babu alifanya kazi bandarini Kilindini, akafa mapema. Nyanya akawalea watoto saba kwa mikeka aliyoivusha kwenda kuiuza Marikiti, kwa daraja la zamani la Nyali, lile lililokuwa likielea juu ya maji kabla ya hili la 1980. Na kwa kofia pia. Kila Ramadhani ikikaribia kwisha, majirani walimletea kofia za kudarizi za Idi, na alikesha nazo. Aliyeuliza inakuwaje mwanamke wa kanisa kudarizi kofia za msikitini aliambiwa kichwa ni cha Mungu yule yule.

Mashairi aliyapata huko huko kwa majirani. Mombasa ni mji wa mshairi Muyaka bin Haji, na tungo zake zilikuwa bado zikighaniwa barazani alipokuwa msichana. Wangapi hapa mnajua kwamba mmisionari wa CMS, William Taylor, ni miongoni mwa waliozihifadhi tungo za Muyaka, kwa msaada wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa? Mwislamu na mmisionari walikaa na karatasi moja. Nyanya hakujua habari za Taylor, alijua vina na mizani. Mtoto wa jicho ulipoanza kumfunika, alitunga ubeti huu, na shangazi yangu akauandika:

Sindanoyo ewe Bwana, naishika kwa imani,
Uzi ukisokotana, nautatua laini,
Na jicho lisipoona, mkono waona ndani,
Nishonee wangu wana, wasitoke upindoni.

Hesabuni wenyewe, nane kwa nane. Na ni kweli alishona bila kuona, karibu mwaka mzima kabla ya kupasuliwa jicho. Kazi ya kipindi kile ina mishono myembamba kuliko ya zamani.

Shangazi ana daftari la beti kama hizi, lakini tunajua nyingi zilitungwa kwenye harusi na kwenye vikao vya akina mama, zikabaki kwa waliozisikia. Basi ninaomba. Mwenye ubeti wake kichwani, hata nusu, amwone shangazi pale karibu na birika la chai, yuko na kalamu. Mama wawili waliojifunza kwake watakuwa hapa kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, wakiwafundisha wasichana na wavulana kuchana miyaa. Na kama kuna aliyeazima mkeka wa Nyanya akasahau kuurudisha, aulete tu tuupige picha ua lake. Hatutauliza uliazimwa mwaka gani.