Nani Alikutuma Kufundisha Yoga?

ZUHURA: Karibuni tena. Mimi ni Zuhura, niko na Baraka hapa Mombasa, feni tumezima ili mtusikie vizuri, kwa hiyo mkisikia mtu anahema, ni joto tu.

BARAKA: Au ni pranayama, yale mazoezi ya kupumua ya yoga.

ZUHURA: Haya, ameanza. Wasikilizaji, huyu bwana alipelekwa yoga na mgongo. Mgongo umeshapona, sasa hanyamazi. Juzi ananiambia anafikiria kusomea ualimu. Nikamwambia sawa, tulizungumze hadharani, watu wasikie.

BARAKA: Nilisema nafikiria, dada. Sikusema nimelipa.

ZUHURA: Ndiyo swali langu la leo. Mtu anatokaje kwenye "mgongo unaniuma" hadi anasimama mbele ya watu ishirini anawaambia vuta pumzi? Katikati hapo kuna nini?

BARAKA: Mara nyingi katikati kuna mtu amekusukuma. Nimesoma habari za wale wakubwa walioitoa yoga India ikafika kila mahali, na karibu hakuna aliyeamka asubuhi akasema nataka kuwa mwalimu. Walitumwa. Mchukue B.K.S. Iyengar. Kazaliwa Bellur, kusini mwa India, Desemba 1918, wakati wa ile homa kubwa ya mafua, na mama yake alikuwa anaumwa mafua hayo alipomzaa. Utoto wake wote ni maradhi: malaria, taifodi, kifua kikuu. Baba anafariki yeye bado mdogo. Mwaka 1934 anakwenda kukaa kwa dada yake Mysore, na mume wa dada yake ndiye Krishnamacharya, anayefundisha yoga kwa udhamini wa mfalme wa huko.

ZUHURA: Kwa hiyo mwalimu wake ni shemeji yake.

BARAKA: Shemeji kabisa.

ZUHURA: Basi alipata raha. Shemeji na utani.

BARAKA: Utani gani! Yule mzee alikuwa mkali, watu walivuka barabara wasikutane naye. Kijana mwenyewe mwili mkavu, hainami wala hageuki, basi shemeji hakumwona kuwa mwanafunzi wa maana. Alikuwa wa kazi za nyumbani. Kilichombadilishia ni kwamba mwanafunzi kipenzi wa nyumba ile alitoroka, na onyesho liko karibu. Hakuna mwingine. Ikabidi huyu huyu dhaifu afundishwe haraka haraka. Siku moja mbele ya wageni akaamriwa apasue miguu, mmoja mbele mmoja nyuma, hajawahi kufanya. Akafanya. Misuli ya nyuma ya mapaja ikachanika, akachechemea muda mrefu sana.

ZUHURA: Na wewe unataka kusomea kazi hii.

BARAKA: Ngoja ufike kwenye kutumwa sasa. Mwaka 1936 wako ziarani, mji unaitwa Dharwad, wanawake wanasema na sisi tunataka kufundishwa. Nani atawafundisha wanawake? Wakatazamana. Akachaguliwa Iyengar kwa sababu alikuwa mdogo kuliko wote. Si kwa ujuzi. Umri tu, kwamba huyu ni mtoto, haleti maneno. Mwaka uliofuata klabu moja ya Pune ikaomba mwalimu wa miezi sita, akapelekwa tena yeye, angalau alijua Kiingereza kidogo. Ana miaka kumi na minane. Anafika, wanafunzi wake ni vijana wa chuo, wakubwa kwake, wenye miili imara. Wanamcheka. Lugha ya mji hajui vizuri.

ZUHURA: Na hajui anachofundisha.

BARAKA: Hajui! Alikaa na shemeji yake miaka miwili mitatu tu, na sehemu kubwa ni kufagia. Kwa hiyo akawa anajifungia anafanya mazoezi saa nyingi kwa siku, anatafuta kwa mwili wake mwenyewe: mguu ukikaa hivi goti linasemaje, nikigeuza hivi je. Siku nyingine chakula hakuna. Na ile miezi sita haikuisha, akabaki Pune hadi kufa kwake 2014. Zile zana unazoziona madarasani leo, tofali la mbao, mkanda, blanketi lililokunjwa, kamba za ukutani, nyingi alizileta yeye, kwa sababu watu waliokuja kwake walikuwa wagonjwa na wazee. Huwezi kumwambia bibi wa miaka sabini ashike vidole vya miguu. Unampa mkanda. Ualimu ndio uliomfunza yoga. Nakuambia, hapo ndipo niliposhika kichwa.

ZUHURA: Mimi hapo nina wasiwasi, na nitausema. Hadithi ya kijana aliyefundisha kabla hajajua ni tamu kwa sababu iliishia vizuri. Wale waliochanwa misuli na walimu wasiojua, nani anawasimulia?

BARAKA: Kweli.

ZUHURA: Maana hata huyo shemeji, kwa macho ya leo, ni mwalimu wa kushtakiwa.

BARAKA: Sikatai. Na Iyengar mwenyewe alibeba ukali ule, wanafunzi wake wanasema alikuwa anapiga makofi mgongoni. Lakini alifika mbali. Mwaka 1952 mpiga fidla Yehudi Menuhin yuko Bombay, mwili umechoka, halali. Iyengar kapewa dakika tano za kumwona. Akamlaza chali, akamwelekeza kupumua, Menuhin akalala usingizi, saa nzima. Baadaye akamwalika Uswisi, akampa saa ya mkono iliyochorwa maneno kwamba huyu ndiye mwalimu wake bora wa fidla. Kuanzia hapo Ulaya ikafunguka.

ZUHURA: Yule mwanamke je, uliyenitumia habari zake usiku wa manane?

BARAKA: Indra Devi! Huyo nampenda. Kazaliwa Riga mwaka 1899, jina la nyumbani Eugenie Peterson. Mwigizaji, mcheza dansi, kaenda India, kaolewa na mwanadiplomasia wa Chekoslovakia. Akaumwa moyo miaka. Akamwendea Krishnamacharya, akakataliwa. Mwanamke, halafu mgeni. Akapita kwa mfalme, na mfalme akasema neno.

ZUHURA: Kumbe hata huko mambo ni kujuana.

BARAKA: Mambo ni kujuana! Mzee akamkubali huku amekunja uso, akampa masharti magumu ya chakula na saa za mazoezi, akidhani atakimbia. Hakukimbia. Mume akahamishiwa China, na mzee yule yule aliyemkataa akamwita akamwambia: huko uendako, fundisha. Mwaka 1939 anafundisha Shanghai. Mwaka 1947 anahamia Marekani, kisha anafungua darasa Hollywood, nyota wa filamu Greta Garbo na Gloria Swanson wanakwenda kwake. Alimalizia maisha Argentina, kafariki 2002 akiwa na miaka 102.

ZUHURA: Miaka 102 si haba. Haya, tutoke kwa wafalme na Hollywood, turudi nyumbani. Wewe ni mtoto wa Nairobi, na kama kuna mahali Afrika Mashariki vijana wengi wameingia ualimu wa yoga, ni Nairobi.

BARAKA: Na huko mlango haukuwa maradhi. Ulikuwa sarakasi. Mwaka 2006 mwalimu mmoja kutoka New York, Paige Elenson, yuko safarini Kenya na familia yake. Akaona vijana wanasimama kwa mikono, akashuka akajiunga nao. Wao wakashangaa, mzungu wa safari anapindua miguu juu! Wakamwambia rudi utufundishe hicho unachofanya. Mwaka 2007 ikaanzishwa Africa Yoga Project.

ZUHURA: Nataka tukae hapa kidogo. Sisi wa pwani hawa wanasarakasi tunawajua. Hoteli za Diani, Bamburi, usiku baada ya chakula cha watalii, wanajenga mnara wa watu, wanapita kwenye pete za moto, mwisho bakuli linapitishwa.

BARAKA: Na maisha ya mwanasarakasi ni mafupi. Ukifika thelathini na kitu, begani pamechoka, goti limechoka, na kuna wa miaka kumi na saba anaruka juu zaidi. Huna cheti, huna pensheni. Lakini una nini? Una mwili unaojua kusimama, unajua kumshika mwenzako asianguke, unajua kusema na hadhira. Ukimwangalia vizuri, ameshakuwa nusu mwalimu. Kilichokosekana ni utulivu na mpangilio wa darasa.

ZUHURA: Na malipo.

BARAKA: Na malipo, ndiyo. Mpango ulikuwa huo: kijana anafundishwa, halafu anapewa posho afundishe bure mtaani kwake, Kibera, Mathare, shuleni, hata magerezani. Kisha mteja wa Westlands au Karen anayemtaka nyumbani anamlipa yeye. Na Jumamosi kulikuwa na darasa la bure kwa jamii pale kituoni kwao, mamia ya watu, mkeka kwa mkeka, mama wa ubalozi kando ya kijana wa Kariobangi, jasho moja.

ZUHURA: Kuna watu walisema, watoto wana njaa mnawapelekea yoga?

BARAKA: Walisema, na ni swali la haki. Ila mimi naangalia hivi: aliyepata kazi pale ni kijana wa mtaa, hakuletwa mwalimu kutoka ng'ambo akae miaka kumi. Ile ni ajira. Kama ingekuwa kinyozi au fundi umeme hakuna ambaye angeuliza.

ZUHURA: Hapo umenishika. Lakini mafundi umeme hawachangiwi na watu wa California. Msaada ukikauka, posho nayo?

BARAKA: Ndiyo maana wengi wanahangaika kupata wateja wao wenyewe. Mahoteli, kampuni, mtandaoni.

ZUHURA: Sasa niambie cheti cha ualimu. Hizi saa 200 za mafunzo.

BARAKA: Ndicho kipimo cha kwanza kinachotambulika karibu kila mahali, kimeenezwa na Yoga Alliance, shirika la Marekani lililoanzishwa 1999. Linasajili vyuo na walimu. Si leseni ya serikali. Ukimaliza saa 200 kwenye chuo kilichosajiliwa, unaruhusiwa kujiandikisha.

ZUHURA: Saa 200, nane kwa siku, ni siku ishirini na tano. Mtu anakwenda Rishikesh, kule India, Januari mosi, kabla mwezi haujaisha ni mwalimu.

BARAKA: Wapo wengi hivyo. Na wengine wanajiandikisha bila nia ya kufundisha, wanataka kujizamisha tu, halafu wakirudi ndugu na marafiki wanawaambia tufundishe, wanajikuta ndani. Unaona? Kutumwa tena.

ZUHURA: Mimi na wewe tunasikia kitu tofauti. Wewe unasikia kutumwa, mimi nasikia biashara. Vyuo vingi vinaishi kwa ada za ualimu kuliko ada za darasa la kawaida. Mwanafunzi wa kila wiki analeta hela kidogo. Wa ualimu analeta kitita. Basi kila anayependa yoga ataambiwa una kipaji, njoo usomee.

BARAKA: Nimeambiwa mimi.

ZUHURA: Ehe! Umesema mwenyewe.

BARAKA: Kicheko hicho kitakatwa, natumaini.

ZUHURA: Hakikatwi. Na kabla hatujamaliza, la dini, maana nikiliacha nitaulizwa msikitini. Malaysia mwaka 2008 baraza la fatwa lilisema Waislamu wasifanye yoga, kwa sababu ya mambo ya ibada na nyimbo zake. Waziri mkuu wao akafafanua kwamba mazoezi ya mwili bila nyimbo hizo hayana shida. Upande mwingine, Saudi Arabia mwaka 2017 iliipa yoga kibali kama shughuli ya michezo. Na aliyehangaikia jambo hilo ni mwanamke wa huko huko, Nouf Marwaai, aliyeishi tangu utotoni na maradhi ya kinga ya mwili, yoga ikamsaidia, akawa mwalimu. India ikamtunuku Padma Shri, nishani ya taifa, mwaka 2018.

BARAKA: Na Wakristo wasijifanye hawamo. Jimbo la Alabama, Marekani, lilipiga marufuku yoga kwenye shule za umma mwaka 1993. Marufuku iliondolewa 2021, na hata hapo watoto hawaruhusiwi kusema "namaste", ile salamu ya Kihindi ya darasa la yoga.

ZUHURA: Wewe darasani kwako mnasema?

BARAKA: Mwalimu wetu anasema "asanteni, kunyweni maji".

ZUHURA: Huyo namtaka! Sasa mtu anayesikiliza, anatafuta mwalimu, cheti hakimwambii kitu. Amuulize nini?

BARAKA: Amuulize, wewe unafundishwa na nani sasa hivi? Si zamani, sasa hivi. Ambaye bado anakwenda kulala kwenye mkeka wa mtu mwingine akirekebishwa, huyo namwamini zaidi. Na umwambie kabla: nina presha, nina mimba, nina tatizo la diski ya mgongo. Akikujibu "hamna shida, twende tu", kunja mkeka.

ZUHURA: Na akikugusa bila kuomba ruhusa?

BARAKA: Kunja mkeka haraka zaidi.

ZUHURA: Mama yangu magoti yamekataa, kusujudu siku hizi anatumia kiti. Anaweza kuanza?

BARAKA: Kwa kiti hicho hicho. Aonane na daktari kwanza, halafu atafute darasa la kiti, yapo. Mikono juu, kugeuza kiuno taratibu, kupumua. Wala asikae chini kama hawezi kunyanyuka.

ZUHURA: Nitamwambia. Ila ada ya ualimu, bwana Baraka, usilipe kwanza.

BARAKA: Nalipa darasa la Jumanne tu. Tuwashe feni?

ZUHURA: Washa. Tutumieni maswali yenu kwa sauti, tutayasikiliza wiki ijayo.