Maua ya Uani

(Mazungumzo na vijana, Chake Chake, Pemba)

Assalaam alaykum. Najua wamo humu walionisikia hadithi ya duka mara tatu. Vumilieni, yakhe, safari hii ina mkia mpya.

Mwaka 1994 nilikuwa nauza vitambaa Darajani, Unguja. Nikanunua kitabu kikuukuu cha Dale Carnegie, kile cha 1936 cha kupata marafiki na kuvuta watu. Nikakimaliza kwa siku tatu, kalamu nyekundu mkononi. Nilipiga mstari mzito pale anaposema jina la mtu ni sauti tamu kuliko zote masikioni mwake. Na penye Jim Farley, aliyesimamia kampeni ya Roosevelt ya urais wa Marekani 1932: watu 50,000 akiwaita kwa majina yao! Pembeni nikaandika, "Na mimi."

Kesho yake akaingia mzee mmoja, mkulima wa karafuu wa hukuhuku kwetu, upande wa Wete. Tajiri yangu alishanitajia jina lake. Nikamkaribisha kwa jina kavu, bila ya Mzee wala Bwana. Namwonesha kikoi, jina. Namtajia bei, jina. Mara ya tatu akakiweka kikoi chini taratibu, kama anayeweka yai, akaniuliza: "Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtaja baba. Akaguna, akatoka. Tajiri alikuwa nyuma ya pazia, kasikia yote. Siku ile hata chai sikupewa.

Atatokea wa kuniambia: ndiyo hivyo vitabu vya Wamarekani, bibi zetu walitufundisha bora. Sikubali! Bibi alinifundisha kusalimu, kuuza hakunifundisha. Na kosa halikuwa la kitabu. Mwaka jana, masika yamenifungia ndani, nikakifungua tena, nikafika kwa Farley. Kumbe maneno yanaendelea! Farley akikutana na mtu huuliza jina lake kamili, aila yake, kazi yake. Mwaka ukipita, akimwona tena humshika mkono, akamuulizia watu wa nyumbani, akamuulizia na maua yake ya uani. Maua, jamani! Kalamu yangu iliishia kwenye 50,000. Penye maua hapana hata nukta.

Na mzee yule alikuwa na mikarafuu. Ningemwambia, "Shikamoo, ami, mikarafuu imezaa mwaka huu?" tungekaa barazani mpaka adhuhuri, na vikoi angechukua viwili. Jina lake mwenyewe analo tangu kuzaliwa, mimi nilikuwa namrudishia la nini?

Nilitaka kugusa na sura nyengine za kitabu, ya tabasamu na ile ya kutobishana, ambayo nyinyi wa siasa mnaihitaji kuliko mimi. Lakini mwenyekiti anatazama saa, haya.

Kitabu nimekuja nacho. Wino mwekundu ni wa 1994, penseli ni ya mwaka jana. Anayetaka kukiazima ajiandikishe kwa katibu. Jina kamili, na la baba.