Wastani wa Taifa Haumjui Mtoto Wako

Ndugu wazazi, walimu wenzangu, naanza na yule mvulana ninayemtaja kila ninakoitwa. Mliokwisha kumsikia mnivumilie. Miaka 10, urefu sentimita 140, uzito kilo 40, shule ya kulipia hapahapa Dar es Salaam. Aliyempima akapiga hesabu ya uzito kwa urefu, ile BMI (kilo ugawe kwa mita za urefu, kisha ugawe tena kwa mita hizohizo), akapata 20.4. Akatazama kadi ya watu wazima, ambako uzito uliozidi huanzia 25, akaandika "mzima wa afya". Mama mtu akarudi nyumbani ameridhika. Sasa chukueni chati ya watoto ya Shirika la Afya Duniani: mvulana wa miaka 10 akipita 18.5, uzito umezidi. Msichana wa umri huo, 19. Kila umri una mstari wake! Yule mtoto alishauvuka, na mwaka mzima ukapita bila mtu kushughulika naye, kwa sababu karatasi ilisema mzima.

Najua kuna anayenung'unika huko nyuma: watu wana njaa, huyu anatuletea habari za vibonge. Nimechoka kulisikia hilo. Njaa ipo, nani kakataa? Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na Iringa, mkoa unaolima mahindi kiasi kile, karibu asilimia 57. Dar ni kama 18. Haya, mchanganye mtoto wa Kilolo kule Iringa na wa Mikocheni hapa Dar, mtoe wastani: mmepata mtoto gani? Hayupo popote. Tangazo la redio la "ongezeni mafuta kwenye chakula cha mtoto" linamwokoa mmoja, linamwumiza mwenzake.

UNICEF ilisema 2025 kwamba duniani unene uliokithiri kwa watoto wa miaka 5 hadi 19 umeupita uzito pungufu, asilimia 9.4 kwa 9.2, isipokuwa Afrika kusini mwa Sahara na Asia Kusini. Basi watu wakashusha pumzi! Jamani, bara zima nalo ni wastani. Mtoto anayetembea kwenda shule Mbagala na anayechukuliwa na basi mlangoni kwao, hata ndani ya jiji hili moja, siku zao hazifanani.

Chipsi na soda za getini, viwanja vilivyogeuzwa maegesho, dakika 60 za kukimbia kila siku: naonyeshwa saa, nayaacha. Chati mbili, ya wavulana na ya wasichana, ziko pale mezani. Mwalimu wa afya asitoke humu kabla hajazipiga picha.