Uvungu wa Gameunsa

Asanteni. Kaeni, kaeni, sitawachosha.

Mgeni akifika Gameunsa, magofu ya hekalu la Kibuddha karibu na bahari, mashariki ya mji wa Gyeongju huko Korea Kusini, macho yake yanakwenda juu. Simlaumu. Hakuna paa, hakuna ukuta, hakuna mtawa. Zimebaki pagoda mbili, yaani minara ya hekalu, za mawe, pacha, za orofa tatu, kila moja na ncha ya chuma kileleni ambayo pepo za bahari hazijaing'oa. Watu hupiga picha, hao, wakarudi garini. Hata mimi safari ya kwanza nilifanya vivyo hivyo.

Leo nataka mtazame chini. Pale ulipokuwa ukumbi mkuu, mihimili ya mawe imepangwa juu ya vitegemeo vya mawe, na chini yake ni wazi. Nilichuchumaa nikapenyeza mkono. Ukatoka na utando wa buibui.

Sasa, fundi gani anaacha uvungu chini ya ukumbi wa Buddha, kama chini ya kitanda?

Mfalme Munmu wa Silla, ufalme wa kale wa Korea, aliyeyafukuza majeshi ya Tang, watawala wa China, mwaka 676, alikuwa bado na hofu ya wavamizi kutoka Japani. Akaanza kujenga hekalu hili, ulinzi wa Buddha uwafikie watu wake. Akafariki mwaka 681 halijakwisha, ameshausia kuwa atageuka joka la baharini ailinde nchi. Mwanawe, Sinmun, akalimaliza mwaka 682. Jina la hekalu, Gameunsa, lina maana ya kushukuru fadhila.

Samguk Yusa, kitabu cha karne ya 13, kinasimulia kwamba chini ya ukumbi uliachwa upenyo upande wa mashariki, joka liingie na kuzunguka humo. Ungeweza kusema ni ngano tu. Kisha wachimbuaji wakaanza kazi hapo mwaka 1959, na uvungu wakaukuta.

Sisemi joka lilipita, jamani. Nasema kuna waashi walioelezwa kuwa marehemu atakuwa akija, nao wakainua sakafu ili apate pa kupita.

Kutoka hapo nilishuka hadi ufukweni. Mbele yako, majini, kuna miamba ya Daewangam, inayohesabiwa kuwa kaburi la Munmu. Mama mmoja alikuwa amewasha mshumaa mchangani, ameweka wali na matunda, anaomba akiielekea. Shakwe walimzunguka, wanangoja amalize.