Tangambili: Bahari Inavyotupikia Mvua

MWANAJUMA: Asalaam aleikum wasikilizaji, karibuni. Tuko Tanga, dirisha liko wazi, na bahari ya Raskazone mnaisikia wenyewe. Kaka Bakari, umeingia na mchanga miguuni.

BAKARI: Waaleikum salaam, dada. Nimetoka ufukweni sasa hivi. Nimevua viatu saa saba mchana, mchanga haukanyagiki. Nikaingia majini mpaka magotini, maji yamepoa. Jua ni lilelile! Na jana nilikwenda saa kumi alfajiri: mchanga baridi kama sakafu, maji vuguvugu. Ukilishika jambo hilo umeshaanza kuielewa hali ya hewa ya dunia nzima.

MWANAJUMA: Kwa mchanga tu?

BAKARI: Kwa mchanga na maji. Maji ni mazito kupata joto, na yakishalipata ni mazito kuliachia. Kilo moja ya maji inataka joto kama mara nne ya lile linalotakiwa na kilo moja ya hewa, ili vyote vipande nyuzi moja. Tena majini jua linapenya, mawimbi yanakoroga; kwenye mchanga linaishia juujuu. Basi mchana nchi kavu inachemka, hewa yake inapanuka, inakuwa nyepesi, inapanda. Ile ya baharini, nzito, inakuja kuchukua nafasi. Ndio upepo wa saa tisa unaopeperusha kanga kwenye kamba kule Sahare.

MWANAJUMA: Na usiku unageuka, ndio umande. Mjomba wangu akitoka na ngalawa saa tisa usiku hahangaiki na kasia, umande unamsukuma mpaka nje. Mchana anarudi tanga limejaa. Utotoni nilidhani ni bahati yake.

BAKARI: Anaijua kazi yake. Sasa likuze jambo hilohilo. Pale penye ufukwe weka bara zima la Asia, pale penye usiku na mchana weka miezi. Mwezi wa saba India na Tibet zimechemka, hewa inapanda kule, nyingine inavutwa kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi na kupita kwetu.

MWANAJUMA: Kusi.

BAKARI: Kusi. Mwezi wa kwanza Asia imepoa, hewa yake ni nzito, inamwagika kuja huku. Hiyo kaskazi. Majahazi ya Oman na Gujarati yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi. Mwingereza Edmond Halley alichora ramani ya pepo hizi mwaka 1686, na wakati huo manahodha wa Bahari ya Hindi walikuwa wameshazisafiria zaidi ya miaka elfu moja. Mimi nalitaja hili kila ninapopata nafasi, maana watoto wetu wanafundishwa pepo za monsuni kama kitu kigeni, na majina yake wanayo nyumbani.

MWANAJUMA: Na katikati ya kusi na kaskazi kuna tangambili, kama siku hizi za mwezi wa kumi. Upepo haujaamua, chombo kinaweza kwenda na kinaweza kurudi.

BAKARI: Na hapo ndipo mvua zetu zinapokaa! Karibu na ikweta pepo za kaskazini na za kusini zinakutana, hewa inapanda, mawingu yanajengeka. Wataalamu wanapaita ukanda mvua, nao unalifuata jua. Ukipita kwetu kwenda kaskazini tunapata masika, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano. Ukirudi kusini, tunapata vuli.

MWANAJUMA: Lakini si kila mahali panapata sawa. Shangazi yangu yuko Amani, huko nguo hazikauki.

BAKARI: Amani inapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Upepo umebeba mvuke wa bahari, unagonga Usambara, hauna pa kwenda ila juu. Kila kilomita unayopanda hewa inapoa nyuzi sita hivi, mvuke unagandamana kuwa matone. Asubuhi ukitokea Muheza unauona ukungu umekaa kwenye mti mmoja mmoja, majani yanadondosha maji na mvua haijanyesha. Ukivuka milima ukashuka Mkomazi, ni vichaka vya miiba. Upepo umefika mikono mitupu.

MWANAJUMA: Sasa nieleze vuli ya 2019. Handeni na Korogwe maji yalijaa, watu walipoteza maisha. Kulikoni?

BAKARI: Hapo ndipo bahari inapoonyesha uwezo wake. Kwa kawaida, kwenye ikweta ya Bahari ya Hindi, upepo unayasukuma maji ya moto kwenda upande wa Indonesia. Mvua nyingi inanyesha huko. Mwaka ule upepo ulilegea ukageuka. Maji karibu na Sumatra yakapoa, ya kwetu yakapata joto. Bahari ya moto inatoa mvuke mwingi, na mvuke umebeba joto: kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula joto zaidi ya mara tano ya lile la kuyapandisha kutoka nyuzi sifuri mpaka yachemke. Joto lile linaachiwa mawinguni, mawingu yanavimba. Sisi tukafurika, Australia ikakauka ikaungua. Mtindo huo unaitwa Dipoli ya Bahari ya Hindi.

MWANAJUMA: Wazee wakiona mvua kubwa wanasema elinino.

BAKARI: Kwa sababu ya 1997. Lakini El Niño ni maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida. Mwaka ule dipoli nayo ilikuwa kali, zikatujia zote mbili. Ndiyo maana naomba mtu akisikia utabiri wa vuli asikie na habari ya Bahari ya Hindi, hiyo ndiyo jirani yetu.

MWANAJUMA: Msikilizaji wa Pangani anauliza: kimbunga kama Hidaya kinaweza kufika Tanga?

BAKARI: Hidaya kilifika Mafia mwezi wa tano 2024, karibu latitudo 8. Kimbunga kinataka vitu viwili: bahari ya nyuzi joto 26 na ushee, na mzunguko wa dunia wa kuupinda upepo uzunguke. Kwenye ikweta nguvu hiyo haipo, inaongezeka kadiri unavyoiacha. Tanga tuko latitudo 5, pembezoni kabisa. Kwa hiyo ni nadra sana. Lakini Unguja ilipigwa 1872, na sisi na Unguja hatuko mbali. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mawimbi ya kupita mita mbili, ngalawa ibaki mchangani.

MWANAJUMA: Mjomba anasikiliza hapo nje. Mjomba, umesikia? Anasema kesho anatoka, umande utakuwa mzuri.

BAKARI: Basi tumwamini. Tangazo la leo halina mawimbi.