Biskuti za Krismasi na Kizibo cha Soda

Mazungumzo na kikundi cha akina mama katika ukumbi wa kanisa, Kisumu, Jumamosi ya kwanza ya Desemba

Bwana asifiwe. Habari za asubuhi, akina mama, na nyinyi wazee wawili mlioketi karibu na mlango mkidhani sijawaona. Harufu mnayoisikia inatoka kwenye sinia lile pale mezani. Limefunikwa, na litabaki limefunikwa mpaka nimalize. Nawajua.

Katibu wenu alinipigia simu akasema, "Dada, njoo utufundishe biskuti za Krismasi zisizonenepesha." Nikamwambia nitakuja, ila biskuti ya namna hiyo sijaiona bado. Biskuti isiyonenepesha ni ile iliyobaki dukani. Ninayoweza kuwaonyesha ni biskuti nyepesi kidogo, na pia mahali ule wepesi unapotoka, kwa sababu mimi mwenyewe niliutafuta pasipokuwepo kwa miaka mingi.

Naoka nyumbani, Migosi, na Desemba ndio mwezi wangu wa mavuno. Mwaka juzi nilishonesha gauni la Krismasi kwa fundi mmoja pale Kibuye. Alinipima mwisho wa Oktoba. Tarehe 23 Desemba nikaenda kulichukua, zipu ikapanda hadi katikati ya mgongo, ikagoma. Nikamfokea fundi wa watu. Naye hakujibu. Alichukua futi yake, akanipima upya mbele ya wateja, kisha akanionyesha daftari: vipimo vya Oktoba huku, vya leo huku. Inchi mbili na nusu kiunoni. Na biskuti sikuwa nikila! Mngeniapisha ningeapa. Nilikuwa naonja tu.

Basi tuanze na kuonja. Unga wa biskuti uliokwisha kuchanganywa kwa siagi na sukari una kalori nne na nusu hivi kwa kila gramu. Ukichota kwa kidole mara moja umechota gramu kumi, kalori 45. Siku ya kuoka mimi nilikuwa nachota mara kumi bila kuhesabu: kulamba mwiko, kukwangua bakuli, kumalizia zile zilizovunjika kwa sababu "haziuziki". Hizo ni kalori 450, sawa na biskuti nne kubwa, na mdomo unaapa kwamba haujala kitu. Siku hizi ninapooka natafuna karafuu. Msicheke, inafanya kazi. Ukiwa na karafuu mdomoni unga mbichi hauna ladha yoyote.

Kabla hatujaingia jikoni kuna neno moja nataka kulisema, maana najua linawazunguka. Huku kwetu ukikonda watu hawakupongezi. Wanakuuliza unaumwa nini. Shemeji anamtazama mume wako kwa jicho baya, dani, yaani bibi, anakuwekea samaki wa pili kwenye sahani. Na wale wa umri wangu tunakumbuka kwa nini. Miaka ya themanini na tisini, kando ya ziwa hili, kukonda kulikuwa tangazo. Upande wa Uganda UKIMWI waliuita slim, sisi tukauita ayaki, na kila nyumba ina kaburi lake. Kwa hiyo mtu akikuambia "umenenepa, unapendeza", anakupa baraka, na ukimwambia unapunguza uzito kwa hiari yako anashtuka. Mimi nilipoanza, mama mkwe alinifuata jikoni kwa siri akaniuliza kama nimepimwa. Nilimjibu kwa upole: nimepimwa, na kilichopanda ni presha. Hapo akanielewa, kwa sababu presha anaijua. Ukitaka watu wakuache upunguze uzito kwa amani, usiwaambie habari ya gauni.

Sasa jikoni. Gramu moja ya mafuta ya kupikia ina kalori 9, ya siagi au majarini kama 7. Gramu ya sukari ina kalori 4. Kwa hiyo anayeondoa sukari yote na kuacha siagi ilivyo ameukata mti mdogo akaacha mkubwa, na biskuti zake pia zitakuwa mbaya. Nimezionja. Sukari ina kazi nyingi zaidi ya utamu. Inashika maji, inaifanya biskuti itandae motoni, inaipa rangi na ule mlio wa kukatika. Siagi nayo inaupaka unga mafuta ili usikamatane kama wa chapati. Ukiondoa moja kabisa unapata jiwe, na ukiondoa zote mbili unapata kigae cha paa cha kiwanda cha Mabati Rolling, Mungu anisamehe.

Mimi nakata nusu ya kila kimoja, au karibu nusu, basi. Biskuti zangu za zamani zilikuwa hivi: unga wa ngano gramu 250, siagi 170, sukari 150, yai moja. Ukijumlisha yote ni kalori kama 2,800. Hizi za leo: unga wa ngano 200, wimbi 50, siagi 85, sukari 80, yai moja, na gramu 100 za kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, kimechemshwa na kupondwa. Jumla inakaribia 2,000.

Kiazi kinajaza pengo la siagi. Kinaleta unyevu na utamu wake, na gramu 100 hazifiki kalori 90. Rabuon, yaani kiazi kitamu, ya Kabondo mnaijua wote, lakini hii ya chungwa ndiyo yenye vitamini A, na si mambo ya kubuni: Tuzo ya Chakula Duniani ya mwaka 2016 ilikwenda kwa watu wanne, na watatu kati yao, Maria Andrade, Robert Mwanga na Jan Low, walituzwa kwa ajili ya kiazi hiki hiki. Kichemshe na maganda, kimenye, kisha kirudishe kwenye sufuria tupu motoni dakika mbili mvuke utoke. Msiruke hapo. Kiazi chenye maji kinakupa kitu kama mkate wa jana. Asiye na kiazi atumie ndizi iliyoiva hadi ganda lina madoa.

Wimbi lisizidi sehemu moja kwa tano ya unga wote, kwa sababu halina ile nguvu ya ngano ya kushikamana, biskuti inavunjikia mkononi. Tia pia chumvi nusu kijiko cha chai, iliki, tangawizi ya unga, mdalasini, na ganda la chungwa lililokwaruzwa, ile sehemu ya juu tu, nyeupe ni chungu. Ulimi ukisikia mdalasini na iliki unadhani sukari ipo nyingi. Tumeudanganya, lakini kwa wema.

Unasema vipi, mama? Majarini ya kupaka, ile iliyoandikwa kwamba ina mafuta kidogo? Hapana. Soma kopo lake: kilichochukua nafasi ya mafuta ni maji, na maji kwenye biskuti utayaona. Afadhali siagi kamili, kidogo.

Haya, sikilizeni hesabu hii, maana ndiyo iliyonileta hapa. Nimepunguza siagi, nimepunguza sukari, nimeponda viazi, nimechafua jikoni. Nimepata nini? Kwa kila gramu ya unga uliochanganywa nimetoka kalori nne na nusu hadi tatu na nusu. Ni asilimia 22. Si haba, lakini mtu anayeambiwa "hizi ni nyepesi" atachukua nne badala ya tatu, na faida yote imekwisha hapo hapo. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo Desemba nzima. Nilikuwa na biskuti nyepesi na gauni lisilofunga.

Kilichonisaidia ni kizibo cha soda.

Zamani nilikuwa nakata biskuti kwa bilauri, kila moja gramu 25 za unga. Sasa naviringisha vidonge visivyozidi upana wa kizibo cha soda. Kidonge cha namna hiyo ni gramu 15 hivi. Udogo huo peke yake umepunguza asilimia 40, bila kugusa siagi wala kununua kiazi! Ukiuunganisha na unga mwepesi, biskuti imetoka kalori 112 hadi 53. Kazi kubwa imefanywa na kizibo, si na viazi vyangu. Na mdomo hauhesabu gramu. Mdomo unahesabu "moja, mbili". Mgeni akipewa tatu ndogo anaona amekaribishwa.

Na usioke zote kwa siku moja. Huu ni ugunduzi wangu wa mwaka jana na naujivunia. Unga uliobaki nauviringisha kama gogo jembamba, unene wa kizibo, naufunga kwa karatasi ya nailoni, unaingia friza. Wageni wakija nakata vipande sita au kumi, vinaoka dakika kumi na mbili wakati chai inachemka. Unga ulioganda kama jiwe hauwezi kuuchota kwa kidole saa nne za usiku. Asiye na friza ahifadhi gogo kwa jirani aliye nayo, na hapo urafiki utapimwa.

Wajerumani, ambao biskuti hizi za Krismasi ni mila yao ya tangu zamani, wanaoka wakati wa Majilio, wanazitia kwenye makopo ya bati, na zinatolewa kidogo kidogo hadi sikukuu. Wamarekani nao waliipata mila hiyo kwa wahamiaji, na hata jina wanalotumia, "cookie", walilichukua kwa Waholanzi. Sisi tulichukua biskuti tukaacha kopo. Kwetu kilichookwa asubuhi kinaisha jioni, la sivyo watu watasema mpishi hajui.

Asiye na oveni: sufuria kubwa, mchanga mkavu chini unene wa vidole viwili, vijiwe vitatu, sahani ya bati juu yake, kifuniko, na makaa machache juu ya kifuniko. Ipashe moto dakika kumi kabla. Makaa ya juu ndiyo yanayopika uso wa biskuti, ya chini yapunguze. Kisha angalizo: zenye sukari kidogo hazipati rangi upesi. Ukisubiri ziwe kahawia kama za dukani, unapasua meno ya wageni. Bonyeza ukingo, ukiwa umekaza na katikati bado kunabonyea, toa. Na kwa kuwa hazitandai zenyewe, zilaze kwa uma kabla ya kuziweka motoni. Za kiazi hazikai na joto letu hili, siku mbili, tatu, basi.

Maswali.

Asali? Nilijua itakuja. Asali ni sukari. Sukari nguru ni sukari. Ya kahawia ni sukari iliyovaa koti. Sisi ni watoto wa ukanda wa miwa, Miwani pale, Chemelil, Muhoroni, tusidanganyane kuhusu mmea tuliokua tukiutafuna. Na mwenye kisukari asione neno wimbi akadhani ni dawa, azihesabu kama wanga mwingine na amuulize daktari wake.

Njugu? Tia, ni tamu, lakini konzi moja ya gramu 30 inarudisha kalori 170 ulizozitoa kwa jasho. Mimi nanyunyiza nyim, yaani ufuta, juu, kijiko kimoja cha chai kwa sinia zima. Inaonekana nyingi kuliko ilivyo.

Dada wa Nakuru anasema zake zinatandaa hadi kushikana. Ninyi mko mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, sisi 1,131. Huko juu hewa ni nyepesi, vitu vinaumuka upesi na kukauka upesi. Punguza beking poda kama unaitumia, ongeza kijiko cha unga, na sukari ipunguze, jambo ambalo ulilijia hata hivyo.

Mzee wa mlangoni, ndiyo? Anauliza chai. Mzee, umeuliza swali la maana kuliko yote, na nilitumaini hamtaliuliza kwa sababu litafanya watu wanichukie. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi. Kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50, au 25. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku: kijiko ni gramu 4, zimefika 48. Biskuti haijagusa mdomo. Soda ya kola ya mililita 300 inaongeza 30 na kitu. Zile biskuti zangu zina gramu mbili za sukari kila moja. Kwa hiyo ukitaka kula tatu, toa vijiko viwili kwenye chai moja, na utamu wa biskuti utausikia vizuri zaidi.

Ya pale nyuma chupani nimepika mimi, ya tangawizi, haina sukari. Msinune. Sinia linaanzia kwa wazee, mbili mbili kwa kila mtu, na zilizobaki zinarudi kwangu kwenye kopo. Nimezihesabu.