Jinsi ya Kumtambulisha Bakteria Mpya Kutoka Kwenye Likeni za Kilimanjaro

Karibuni sana. Leo tuko Marangu, Moshi Vijijini. Tazama gome hili: haya magamba ya kijivu, na nyuzi hizi zinazoning'inia tawini, ndizo likeni. Ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, na humo ndani wamejaa bakteria, wengine hawajawahi kupewa jina.

Kwanza kibali. Anza na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na kama unachuma ndani ya hifadhi, TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, nao wahusike. Hata kwa mti wa shambani, bisha hodi kwa mwenye shamba.

Vaa glavu, kata kipande cha ukubwa wa ukucha tu, kwa sababu likeni nyingi hukua milimita chache kwa mwaka. Tia kwenye bahasha ya karatasi. Plastiki hutunza unyevu na ukungu utakuwahi. Andika aina ya mti, mwinuko na tarehe.

Maabarani, suuza kipande, kisage kwenye maji ya chumvi yasiyo na vijidudu, zimua, kisha paka kwenye sahani za agari, ute mgumu wa kuoteshea vijidudu, yenye virutubisho kidogo. Weka kwenye joto la nyuzi 20 hivi za Selsiasi. Sasa subiri! Siku ya tatu utaona makoloni manene yamejitandaza. Hayo mara nyingi ni wapita njia. Wenyeji wa likeni wengi huchukua wiki kadhaa. Sogea karibu uone kitone hiki cha waridi, kama ncha ya pini. Hicho ndicho tunachokitafuta. Kihamishie sahani mpya, rudia mpaka makoloni yote yafanane, kisha hifadhi kwenye gliseroli, kimiminika kinachowakinga wasiuawe na barafu, nyuzi 80 chini ya sifuri.

Soma jeni la 16S rRNA, ambalo kila bakteria analo na hutumika kulinganisha spishi, lenye herufi za DNA kama 1,500. Likifanana na la spishi ya karibu zaidi kwa chini ya asilimia 98.7, una kila sababu ya kuendelea. Likizidi hapo, jenomu nzima, yaani DNA yake yote, ndiyo itakayoamua: mpaka wa spishi ni ufanano wa asilimia 95 hadi 96. Pima pia umbo, joto, asidi na chumvi anayoimudu.

Jina lifuate kanuni za Kilatini, mfano jina la spishi kilimanjarensis linakubalika. Ila halitambuliki rasmi mpaka bakteria hai awekwe kwenye hazina mbili za vijidudu katika nchi mbili, mfano DSMZ ya Ujerumani na JCM ya Japani, na maelezo yachapishwe katika IJSEM, jarida la kimataifa la uainishaji wa bakteria, au jina liingizwe kwenye orodha zake. Sharti hili nalipenda kwa dhati: mwanafunzi wa Tengeru kule Arusha au wa Nairobi ataweza kuagiza bakteria yuleyule akakague ulichodai. Peleka bakteria kwenye hazina hizo mapema, kwa sababu jarida litakudai hati zao za kumpokea. Nakala nyingine ibaki kwenye friza ya hapahapa.